Habari za Mkaranti Mweusi

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya na Asia, mahali ambapo theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi, huota kichaka kimoja ambacho kwa kawaida hakizidi kimo cha mtu. Hakina miiba kama mtandamboo wetu, ule ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa na Wajaluo huuita ochuoga. Lakini matunda yake hukaribiana na yale ya mtandamboo kwa sura. Ni madogo, ya mviringo, meusi yakiiva, nayo huning'inia katika vishada vyembamba chini ya majani. Majani hayo yakisuguliwa kiganjani hutoa harufu kali isiyosahaulika, na mtu alaye tunda lenyewe kwa mara ya kwanza, bila sukari, hukunja uso.

Kiswahili hakikupata sababu ya kukipa jina kichaka kisichoota katika nchi zetu. Madukani kwetu jina lake huonekana kwa Kiingereza tu, juu ya chupa na maboksi ya vinywaji: blackcurrant. Katika insha hii kichaka kitaitwa mkaranti mweusi, na matunda yake karanti nyeusi. Wala Waingereza wenyewe wasituone wezi wa jina, maana hata wao waliliazima. Zamani wafanyabiashara walileta Uingereza zabibu kavu ndogo kutoka Korintho, mji uleule wa Ugiriki ambao Mtume Paulo aliuandikia nyaraka. Zabibu za Korintho zikageuzwa na ndimi za Waingereza hata zikawa karanti. Kisha watu walipoona matunda madogo yakining'inia katika vichaka vya kwao, wakadhani ndiyo hayohayo, nao wakayapa jina hilo. Jina la kitaalamu, Ribes, lina safari ndefu zaidi. Limetokana na neno la Kiarabu, ribasi, jina la mmea mchachu wa milimani ambao matabibu wa Kiarabu waliutumia kwa dawa. Matabibu wa Ulaya, walipoukosa mmea huo katika nchi zao, walilichukua jina lake wakalivika tunda jingine lenye uchachu. Basi kichaka hiki kina majina mawili mashuhuri, na yote mawili ni ya wenzake.

Kwa muda mrefu hapana aliyekijali sana. Mwaka wa 1611 John Tradescant, mtunza bustani wa Robert Cecil, waziri mkuu wa Mfalme James, alisafiri hadi Uholanzi kununua miti na maua ya bustani ya bwana wake, na miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo mikaranti. Lakini Waingereza walipenda zaidi karanti nyekundu, iliyo laini kwa ladha. Ile nyeusi waliiacha kwa wagonjwa: ilichemshwa na kunywewa na mtu mwenye koo lililovimba. Huko Ufaransa mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwaka wa 1712 kilitolewa kitabu kidogo kilichoisifu karanti nyeusi kwa sifa za ajabu, kana kwamba hakuna ugonjwa usioweza kuondolewa nayo. Na mwaka wa 1841, katika mji wa Dijon, Auguste-Denis Lagoute alianza kutengeneza kileo kitamu cha matunda hayo ambacho kimeuletea mji ule umaarufu mpaka leo. Sifa za kitabu kile zilikuwa za kubahatisha tu. Hapakuwa na mtu aliyejua kilichomo ndani ya tunda, wala chombo cha kukipima.

Ili msomaji aelewe ni nini kilichomo, hatuna budi kuliacha tunda kwa kitambo na kuutazama ugonjwa mmoja, ambao ushahidi wake umo hata katika historia ya pwani yetu.

Vasco da Gama alipokwenda Uhindi mwaka wa 1498 aliondoka Malindi mwezi wa Aprili, akiwa na rubani aliyezijua pepo za bahari ile, na kabla ya mwisho wa Mei amekwisha kufika. Wakati wa kurudi hakuwasikiliza wenye bahari. Aling'oa nanga kabla kaskazi haijaanza kuvuma, akakutana na upepo wa mbisho na shwari zisizokwisha, na safari ya majuma machache ikawa ya miezi mitatu kasoro siku chache. Mabaharia wakashikwa na kiseyeye. Fizi zilivimba hata zikafunika meno, wasiweze kula. Miguu ikavimba, kisha mwili wote. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na katika kila merikebu hawakubaki zaidi ya saba au wanane wenye nguvu ya kushika kamba. Tarehe 7 Januari 1499 walitia nanga Malindi, na jambo la kwanza walilolitafuta kwa ajili ya wagonjwa wao lilikuwa machungwa. Mfalme wa Malindi akawapelekea. Wengine walikuwa wamechelewa mno, wakazikwa hapo. Baadaye kidogo merikebu moja, São Rafael, iliteketezwa kwa moto kusini ya Mombasa kwa sababu waliosalia hawakutosha kuendesha zote.

Jambo linalonishangaza katika habari hii ni kwamba wale mabaharia walijua, kwa kutamani tu, dawa ambayo wataalamu hawakuiafiki kwa miaka karibu 300 baadaye. Mwaka wa 1747 James Lind, tabibu katika manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, alichagua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa dawa yake: mmoja siki, mwingine maji ya bahari, na kadhalika. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu kwa muda wa siku sita. Hata hivyo serikali yake haikuamuru maji ya limau yagawiwe katika manowari zake zote mpaka mwaka wa 1795. Na hata hapo hapakuwa na aliyejua ni kitu gani ndani ya limau kinachoponya. Kitu hicho kilitenganishwa na Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria, mwishoni mwa miaka ya 1920, naye alikuja kukipata kwa wingi mapema katika miaka ya 1930 kutoka kwa pilipili hoho zilizolimwa karibu na mji wake wa Szeged. Ndicho kiitwacho leo vitamini C. Mwaka wa 1937 alipewa tuzo ya Nobel.

Hapo ndipo mizani ilipopatikana. Wataalamu wakaanza kupima tunda baada ya tunda, na zamu ya karanti nyeusi ilipofika, kichaka kilichodharauliwa kwa harufu yake kikatokea kuwa tajiri. Katika gramu 100 za chungwa mna vitamini C miligramu 53 hivi. Katika gramu 100 za karanti nyeusi mbichi mna miligramu 181 hivi, yaani zaidi kidogo ya mara tatu. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku hukadiriwa kuwa kati ya miligramu 40 na 110, kwa kufuata hesabu za nchi mbalimbali. Basi konzi moja ndogo ya matunda hayo humtosha.

Kilomita chache kutoka mji wa Bristol, magharibi ya Uingereza, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo kiitwacho Long Ashton. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa kituo hicho, Vernon Charley, alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza shira za matunda za kuchanganywa na maziwa. Shida kubwa ya kazi hiyo ni kwamba maji ya matunda yenye utomvu mwingi huganda kama ute; Charley na wenzake walitumia vimeng'enya vya kuuvunja utomvu huo, bila kulichemsha tunda hata likaharibika. Katika shira zote walizozijaribu, ile ya karanti nyeusi ilionekana kuhifadhi vitamini C nyingi kuliko nyingine. Kampuni moja ya Bristol, H. W. Carter, ikaanza kuiuza mwaka wa 1938, na kwa kulifupisha jina la kitaalamu la kichaka, Ribes nigrum, ikaiita Ribena.

Mwaka uliofuata vita vikaingia. Uingereza haioti machungwa; yake yote yalikuja kwa merikebu, na sasa nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha merikebu hizo. Nafasi iliyobaki katika zile zilizookoka ilitakiwa kwa ngano, nyama, mafuta na silaha. Machungwa yakawa kitu adimu, na wakuu wa afya wakaona hatari: watoto wachanga waliokwisha kuacha kunyonya, na mama wajawazito, wangepata wapi vitamini C? Jibu lilipatikana katika mashamba ya nchi yenyewe. Karibu mavuno yote ya karanti nyeusi yakaelekezwa katika kutengeneza shira, na tangu mwisho wa mwaka wa 1941 serikali ikawagawia watoto wadogo shira hiyo pamoja na mafuta ya ini la samaki. Hata chupa zilinyimwa jina la biashara, kwa kuwa wakati huo halikuwa jambo la biashara. Baadaye Marekani ilipoanza kupeleka maji ya machungwa yaliyokamuliwa kwa mkopo wa vita, mzigo wa karanti ukapungua.

Mashamba ya karanti peke yake hayakutosha. Palikuwa na tunda jingine, dogo na jekundu, la mwaridi-mwitu uotao katika nyua za mashamba, lenye vitamini C nyingi kuliko hata karanti. Mwaka wa 1941 watu walioitikia mwito walichuma tani 200 hivi za matunda hayo kando ya njia, na wengi wao walikuwa watoto wa shule, waliolipwa senti chache kwa kila ratili. Tunda hilo lina nywele ndani zinazowasha, na vidole vya wachumaji vilichanwa na miiba. Wanafunzi wasomao insha hii wakumbuke kwamba wale wachumaji walikuwa wa umri wao, au wadogo kuliko wao.

Mkaranti uliotukuzwa namna hii upande mmoja wa bahari ulikuwa ukifukuzwa upande wa pili. Katika misitu ya mashariki ya Marekani huota msonobari mweupe, wa jamii ya ile miti ambayo watu wengi wa Kenya huiita mipaini. Ni mti mrefu, ulionyooka. Zama za ukoloni wa Kiingereza, miti mikubwa ya aina hiyo ilichongwa alama ya mshale, kuonyesha kuwa imetengwa iwe milingoti ya manowari za Mfalme, na wakoloni walichukia sana alama hizo. Mbegu za msonobari huu zilichukuliwa zikaoteshwa Ulaya pia. Huko ukakutana na ugonjwa wa kutu uliotoka Asia. Kisha mnamo mwaka wa 1900 wenye misitu wa Marekani, walipohitaji miche mingi kwa bei nafuu, waliinunua kutoka vitalu vya Ulaya, na kutu ikaingia nchini pamoja na miche. Mti ulirudi kwao na maradhi ya ugenini.

Kutu hii ina tabia ya ajabu. Haiwezi kuambukiza msonobari mmoja kutoka kwa msonobari mwingine. Ni lazima ipite kwanza katika mmea wa jamii ya mkaranti, na mkaranti mweusi ndio uipokeao upesi kupita wote. Kutoka kwa msonobari, chembe za kutu huweza kuchukuliwa na upepo mamia ya kilomita mpaka ziupate mkaranti. Kutoka kwa mkaranti kurudi kwa msonobari, chembe ni dhaifu, hufa upesi kwa jua na ukavu, na aghalabu haziendi mbali zaidi ya mita mia chache. Mkaranti wenyewe hupukutisha majani mapema, basi. Mwaka ufuatao huchipua tena. Msonobari hufa. Mwaka wa 1906 kutu ilionekana juu ya mikaranti katika mji wa Geneva, jimbo la New York, na katika miaka michache iliyofuata sheria zilitungwa za kuzuia upandaji wake. Katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya ukosefu wa kazi, vijana wa kikosi cha serikali walipelekwa misituni kung'oa kila mmea wa jamii hiyo waliouona, uwe wa kupandwa au wa mwitu.

Je, walidhulumu? Si rahisi kusema. Mbao za msonobari zilikuwa tegemeo la majimbo mazima, na karanti ilikuwa tunda la bustani za wachache. Wakulima wetu wa ngano wanaelewa hesabu ya namna hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipogunduliwa Uganda aina mpya ya kutu ya shina la ngano, iliyoenea Kenya pia, kituo cha Njoro kikawa mahali ambapo ngano za nchi nyingi huletwa kupandwa ili ijulikane ni ipi itakayostahimili. Mtu aliyeona shamba la ngano likigeuka rangi ya kahawia kwa majuma machache hawezi kuwacheka Wamarekani. Hata hivyo kung'oa hakukuimaliza kutu. Katazo la serikali kuu liliondolewa mwaka wa 1966, majimbo yakaachiwa kujiamulia, na New York haikufungua mlango mpaka mwaka wa 2003. Matokeo yake ni kwamba vizazi kadhaa vya Wamarekani vilikua bila kuijua ladha ya karanti nyeusi. Mtoto wa Uingereza akila peremende ya rangi ya zambarau hutarajia ladha ya karanti. Mwenzake wa Marekani hutarajia zabibu.

Baada ya vita, shira iliyogawiwa bila jina ilirudishiwa jina lake, na ilikuwa na heshima ambayo fedha haziwezi kununua. Mama aliyepewa kwa ajili ya mtoto wake mwaka wa 1942 alimnunulia mjukuu wake miaka 30 baadaye. Kinywaji kikasafiri katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza, Kenya ikiwemo, kikaja kwetu kikiwa kimebeba sifa ya tunda ambalo hatujaliona likiwa juu ya tawi. Wazazi walikinunua kama kitu cha afya. Pamoja na shira ya kuchanganywa na maji, wenye kiwanda walikuja kutengeneza kinywaji kilicho tayari, katika maboksi madogo yenye mrija.

Mwaka wa 2004 wasichana wawili wa miaka 14, wanafunzi wa shule ya sekondari mjini Auckland, New Zealand, walitakiwa kufanya uchunguzi wa sayansi. Walichagua kupima vitamini C katika vinywaji vya matunda viuzwavyo madukani. Matangazo ya kinywaji cha karanti yalisema kwamba karanti zake zina vitamini C mara nne ya machungwa. Kwa hiyo walitarajia kiwe cha kwanza. Kikawa karibu na mwisho. Katika kinywaji cha maboksi hawakukuta vitamini C ya kutajika, na kinywaji kingine, cha bei nafuu zaidi, kilikizidi mbali. Walirudia kipimo wakidhani wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Walipoiuliza kampuni iliyomiliki kinywaji hicho wakati ule, GlaxoSmithKline, hawakupata jibu la kuwaridhisha. Wakapeleka habari yao katika televisheni, na hatimaye ikafika mbele ya tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara. Tume ikapima yenyewe. Mwezi wa Machi 2007, mahakamani Auckland, kampuni ilikiri makosa 15 ikatozwa faini ya dola 217,500 za New Zealand. Juu ya maboksi iliandikwa kuwa kila mililita 100 zina miligramu 7 za vitamini C. Walipopima hawakuweza kuiona hata kidogo. Kampuni ilisema kwamba kosa hilo lilihusu Australia na New Zealand tu.

Tuyachunguze maneno ya tangazo lile, kwa maana yana funzo la lugha pamoja na la sayansi. Kwamba karanti mbichi ina vitamini C nyingi kuliko chungwa, ni kweli, ingawa kusema mara nne ni kuongeza chumvi. Lakini mnunuzi hakunywa karanti mbichi. Alikunywa maji yenye sukari na sehemu ndogo ya karanti. Vitamini C ni kitu kiharibikacho upesi: hewa huiharibu, joto huiharibu, mwanga huiharibu, na kukaa muda mrefu ghalani huiharibu zaidi. Sentensi ilikuwa juu ya tunda, nayo imani ikaangukia boksi. Charley na wenzake wa Long Ashton walijua jambo hili vema, na ndiyo sababu walihangaika na namna ya kukamua bila kuchemsha.

Sasa msomaji wa Kenya atauliza: tunda lenye utajiri huu halipandwi kwetu kwa nini? Si kwa ugumu wa kilimo chake. Mkaranti huoteshwa kwa vipande vya fimbo ya mwaka uliopita, vyenye unene wa kalamu na urefu wa sentimita 20 au 25, vinavyochomekwa ardhini hata yabaki macho mawili au matatu juu. Hupenda udongo mzito wenye samadi na unyevu. Kwa kuwa huzaa vizuri zaidi katika matawi yaliyokua mwaka uliotangulia, mkulima hukata kila mwaka baadhi ya matawi ya zamani mpaka chini, ili mapya yapande. Mtoto aliyemsaidia baba yake kupogoa kahawa atafahamu kazi hiyo bila kufundishwa. Mwaka wa tatu kichaka huanza kuzaa vema, nacho huendelea kwa miaka kumi na zaidi. Siku hizi katika mashamba makubwa uchumaji hufanywa kwa mashine inayotikisa vichaka.

Kizuizi ni usingizi. Mkaranti hupukutisha majani wakati wa baridi ukalala, na macho yake hayaamki sawasawa mpaka yamepata baridi ya kutosha. Aina nyingi huhitaji zaidi ya saa 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Kinangop usiku huwa na baridi kali, hata sakitu huanguka, lakini kukicha jua hupasha ardhi moto, na hapana majira ambayo mti huambiwa lala. Mkaranti uliopandwa katika nchi isiyo na majira hayo hutoa majani machache huku na huku, maua kidogo, na matunda haba au hakuna. Ndiyo maana Poland ni ya mbele katika kilimo chake, na mashamba mengine yamo katika nchi za kaskazini ya Ulaya au kusini ya mbali, kama New Zealand na Tasmania.

Wala kukosa huku si msiba. Gramu 100 za mapera zina vitamini C miligramu 228 hivi kwa wastani, kuzidi karanti nyeusi. Mpera hauhitaji baridi wala mashine. Huota penye kinyesi cha ndege, nyuma ya jiko na kando ya mto, na matunda yake huanguka yakaozea chini wakati mwenye shamba amekwenda dukani kununua boksi lenye picha ya karanti. Sina ugomvi na wanywao kinywaji hicho. Ladha yake ni nzuri. Lakini bei ya boksi moja ingetosha kununua mapera mengi sokoni.

Shida ya usingizi imeanza kuwafikia hata wenyeji wa mkaranti. Huko Uskochi, katika kituo cha utafiti kilichoko Invergowrie karibu na mji wa Dundee, wataalamu wamezalisha tangu miaka ya 1970 aina mpya za mikaranti, nazo huzipa majina ya milima ya nchi yao: Ben Lomond, iliyotolewa mwaka wa 1975, ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Adui yao wakati ule alikuwa sakitu ya majira ya kuchipua, inayounguza maua kwa usiku mmoja. Kwa hiyo walitafuta vichaka vinavyochelewa kutoa maua, wakavichanganya na vya Skandinavia. Leo adui amebadilika. Miaka ya karibuni majira ya baridi yamekuwa na joto kuliko zamani, na mikaranti huamka kwa mafungu: tawi moja lina matunda yaliyoiva na mabichi pamoja, wala mashine haiwezi kuchagua. Sasa wanatafuta vichaka vinavyotosheka na usingizi mfupi. Tangu kuchanganya maua mawili mpaka mkulima apewe fimbo za kupanda, kazi hiyo huchukua zaidi ya miaka kumi.